Pipa Lenye Kufuli

Makole, Dodoma
Jumatano, alasiri

Mwanangu Foibe,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Nimekuona sasa hivi ukitoka na shangazi yako kwenda kuaga majirani, umejifunga kitenge kipya kinachokubana magoti, na najua kila nyumba mtakayoingia mtapewa ushauri na karanga. Karanga zile kula. Yangu hali pia ni njema. Nimekaa kwenye kigoda, kivulini mwa ukuta wa jiko, na nina kalamu mbili. Tangu milango ya biashara ifunguliwe kalamu zimejaa madukani za kila rangi, ila kuandika ndiyo hazitaki, kwa hiyo mtu mwenye habari ndefu huanza na akiba.

Maagizo ya safari shangazi yako amekwisha kukupa yote: usitoe mkono dirishani, usimpe mtu usiyemjua akushikie mzigo, usinunue kuku wa stesheni ambaye hukumwona akiwa mzima. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia habari za maji.

Najua unacheka. Kesho unapanda treni kwenda Mwanza kuwa mwanagenzi katika maabara ya kiwanda cha bia, na kazi waliyokupangia ni hiyohiyo ya kupima maji. Umesoma kemia, umefaulu, na sasa baba yako fundi pampu wa darasa la saba anataka kukufundisha maji. Sikufundishi. Nakusimulia tu makosa niliyoyafanya nayo, ambayo hayamo kitabuni mwako, maana aliyeandika kitabu hakunifahamu.

Na kuna lile swali lako. Jana jioni uliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, mama atakuja stesheni?" Nikakohoa. Umenijua miaka yote hii, unajua kwamba mimi hukohoa ninapokosa jibu, si ninapougua. Tangu barua ya kiwanda ifike, mama yako hajasema ndiyo wala hajasema hapana. Amekushonea foronya, amekupigia pasi shuka, sanduku amelichagua yeye. Lakini neno lenyewe hajalitoa. Ni mtu aliyeokoka, ana kiti chake katika umoja wa akina mama wa kanisani, na kifungua mimba wake anakwenda kupika pombe. Si pombe ya debe la uani ambayo mtu anaweza kujifanya hajaiona. Ni pombe ya kiwanda, yenye bomba la moshi.

Sasa nianze na pipa letu.

Umelikuta na umekua nalo, pengine hujawahi kulitazama. Pipa la bluu chini ya mfereji wa bati, mfuniko wa mbao, kufuli. Watu wengine hapa Makole hutia kufuli kabati la vyombo. Mama yako ametia kufuli mvua. Na ana haki. Maji yetu ya bomba hutoka ardhini yakiwa yamebeba nusu ya ardhi. Chai haishiki rangi ya chai. Maharage hubandikwa asubuhi na mgeni huaga hayajaiva. Sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze, na birika likizeeka linaota ndani ukoko mweupe kama ganda la yai. Ndiyo maana zile mvua chache tunazopewa mama yako huziacha kwanza zioshe bati, kisha huzikinga na kuzifungia. Na hulifungua pipa kwa mambo matatu tu: kumwogesha mtoto mchanga, chai ya mgeni wa heshima, na kufua lile gauni lake jeupe la umoja, ambalo maji ya bomba huligeuza rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Mimi mumewe maji hayo sijawahi kuyanywa kwa ruhusa.

Bwana Dita ulimwona ukiwa mdogo, yule Mjerumani mrefu wa mradi wa visima aliyekuwa akiinama hata kwenye milango isiyomgusa. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake wa pampu. Alikuwa na sanduku lenye chupa ndogondogo. Tukifika kisimani huchota maji kidogo, hutia matone, huyahesabu, mpaka maji yageuke rangi; matone yakiwa mengi, maji ni magumu. Kisha huniambia: maji haya magumu, haya ya wastani, haya yaache kabisa. Mwanzoni nilidhani anaagua. Hadi leo sina hakika kamili kwamba alikuwa haagui.

Miaka ile ndipo watu walipoanza kuzoea neno ruksa. Bia za makopo za nchi mbalimbali zikaanza kuonekana madukani, zimepangwa kama picha. Bwana Dita akanunua moja, akaifungua, akaonja, akaliweka kopo chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzake.

"Yeremia," akaniambia, "hii imepikwa na mtu ambaye hajawahi kuwa na kiu."

Alipokwenda likizo kwao akarudi na mifuko miwili. Mmoja una shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, yaani kimea kama chetu, ila cheupe zaidi. Mwingine una maua makavu ya kijani yanayoitwa hopsi, yenye harufu ya majani ya porini mvua ikikatika, ambayo ndiyo huipa bia uchungu wake. Na hamira kwenye chupa ndogo, ameibeba mfukoni mwa shati kama kifaranga. Alitaka kupika pilsna, bia ya kwao, ile nyeupe yenye uchungu safi, jamii ya hiyo mtakayoipika huko uendako.

"Ni vitu vinne tu," akasema, akinyoosha vidole vinne mbele ya pua yangu. "Kimea, hopsi, hamira, maji. Vitatu nimekuja navyo."

Cha nne akafungulia bomba.

Tulipikia uani kwake kwa sufuria la harusi. Tukachuja, tukachemsha na hopsi, tukapoza, tukatia hamira, tukaifungia ndani ya friji lake la mafuta ya taa. Bia hiyo huchachukia baridini, polepole na kwa siri. Pombe yetu, unajua mwenyewe, huchachuka kama mkutano wa kijiji. Tukasubiri wiki kadhaa, naye kila jioni alipita kulisikiliza friji kama mtu mwenye mgonjwa.

Tulipoionja, rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyolala kikombeni. Na uchungu, mwanangu! Umekwisha kutafuna klorokwini, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Uchungu wa heshima huingia, husalimia, huondoka. Ule uliingia ukavuta kiti.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa amekuja mjini kutoka Bahi wiki ile. Unakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa mpika pombe wa mtama wa kijiji kizima, na ulimi wake ndio uliokuwa baraza. Nikampelekea glasi, nikamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Onja pombe ya Wazungu."

Akaonja. Akanitazama. "Aliyeipika amefiwa?"

"Hapana, mama."

"Basi ana nini na watu?"

Juma lililofuata Bwana Dita akasafiri kwenda Chemba kuchimba visima. Akaniachia nyumba, friji, pipa la ile bia iliyoharibika na kimea kilichobaki. "Jaribu kuirekebisha, Yeremia," akasema akiwasha gari. Neno jaribu si la kumwachia mwanamume aliyekulia nyuma ya vyungu vya mama yake.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo lilipo kosa langu, na ni kosa la kwetu kabisa. Pombe ya bibi yako ilipozubaa, yeye alikuwa akitia konzi ya kimea cha uwele, na pombe ikaamka. Ilipozidi ukali, alitia unga. Kwake hakukuwa na kasoro isiyotibiwa kwa konzi ya kitu. Nami nikafuata njia hiyohiyo. Bia ni chungu, nikaongeza sukari. Utamu ukawa wa kipumbavu, nikaongeza hopsi. Ikazubaa, nikaitia kimea cha uwele, konzi mbili, na kwa kuwa nilikuwa na moyo mkunjufu, ya tatu. Nikaijaza kwenye chupa, nikagongea visoda kwa nyundo, nikazipanga stoo zimesimama kama wanafunzi kwenye gwaride. Nilijisifu. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mama yako kwamba Wajerumani wana mashine lakini hawana mkono.

Zikaanza kupasuka kesho yake mchana. Moja, kimya, nyingine, kimya, kama mashahidi wanaoitwa kwa zamu. Mlinzi wa nyumba ya pili akalala kifudifudi. Povu likafika dari.

Bwana Dita alirudi nikiwa bado nafuta. Akatazama dari, kisha akanitazama mimi.

"Uliongeza nini?"

"Kidogo tu, Bwana."

"Kidogo cha nini?"

Nikamtajia vyote. Akakaa juu ya kreti, akacheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Umeongeza, ukaongeza, ukaongeza. Na mimi nimekaa huko Chemba wiki nzima nikifikiri nitaongeza nini. Hakuna kati yetu aliyeuliza nini kimezidi."

Akaenda kuchukua sanduku lake la matone. Yaani mtu aliyekuwa amepima visima vya porini kote hakuwahi kupima bomba la jikoni kwake. Nami niliyembebea sanduku hilo kila siku sikuwahi kumkumbusha. Tukatia matone kwenye maji ya bomba. Tukatia, tukatia. Chupa ikafika nusu ndipo maji yakakubali kugeuka rangi.

Kemia yake utanisahihisha, mimi nakupa kama nilivyoielewa. Maji yetu yana chokaa na chumvi. Chokaa huikamua shayiri kupita kiasi, mpaka kwenye maganda, na maganda hutoa ukali wao na ile rangi ya chai. Hopsi nayo ikiingia kwenye maji magumu huwa kama mtu mpole aliyeketishwa na wagomvi: baada ya muda naye anapiga meza. Bia nyeusi huvumilia, kwa sababu kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi kina uchachu wake unaopambana na chokaa. Ndiyo maana huko Ulaya, alivyoniambia, miji yenye maji magumu ilizoea bia nyeusi, na pilsna ikazaliwa katika mji wenye maji laini. Hakuna aliyepanga. Kila mji ulipika kile ambacho maji yake yalikikubali. Na hapo nikaielewa pombe ya bibi yako. Mtama wake mwekundu, uchachu wake, maji ya chumvi ya Bahi, vyote vilikuwa vimekwisha kupatana kabla sisi hatujazaliwa. Lakini pilsna ni nyeupe, haina pa kujifichia. Lolote lililomo majini litaonekana mezani.

Tulijaribu kuyachemsha maji ya bomba kwanza. Chokaa kidogo ikashuka chini ya sufuria, chumvi ikakaa palepale ilipo. "Nataka maji laini," Bwana Dita akasema, akitembea uani na mikono nyuma. "Dodoma hii, maji laini yako wapi?"

Nikatazama juu. Naye akatazama juu. Ilikuwa kiangazi, mbingu haina hata wingu la kusingizia. Nyumba yake haikuwa na mifereji ya bati. Mimi nikalikumbuka pipa.

Mazungumzo ya jioni ile nayakumbuka kama ya posa. Mama yako alikuwa anachambua mchicha, wewe umelala.

"Mama Foibe, Bwana Dita anaomba ndoo chache za maji ya pipa."

"Amepata mgeni?"

"Hapana."

"Ana mtoto mchanga?"

"Unajua hana mke."

"Basi ana gauni jeupe."

Ningeweza kusema ni kwa ajili ya chai, na pengine ningepewa. Lakini mama yako hunusa maneno kama anavyonusa maziwa. Nikamwambia ni ya kupikia ile bia.

Akaacha kuchambua. "Mungu ayashushe toka juu hayana pombe ndani, mimi niyachukue nikayatie?"

"Ni maji tu, mke wangu."

"Kama ni maji tu, bomba lipo."

Nikakohoa. Nilirudi kwa Bwana Dita mikono mitupu nikamweleza neno kwa neno, nikitegemea atakasirika. Akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. "Huyo mama anafahamu," akasema. Nami nikaona jambo la ajabu: kati ya watu wote niliowajua, hao wawili peke yao, mmoja anayeipenda bia na mmoja anayeikimbia, ndio ambao hawakuamini kwamba maji ni maji tu.

Hakuomba tena. Alinunua mabati, tukakata mifereji, tukaizungushia nyumba yake, tukangoja. Mvua ya kwanza tukaiacha ioshe vumbi. Ya pili tukaikinga. Akaipima kwa matone, na maji yakageuka rangi karibu kabla hajainamisha chupa. Tukapika kwa vitu vinne vilevile, kwa sufuria lilelile, sikuongeza hata wazo. Wiki zilipokwisha akamimina.

Ilikuwa na rangi ya nyasi za kiangazi jua likizipiga asubuhi. Uchungu ukaingia, ukasalimia, ukaondoka, ukaacha mdomo unataka kuitwa tena. Bibi yako alikunywa glasi nzima, akaigeuza kuona kama kuna iliyobaki chini. "Huyu sasa," akasema, "amepatana na watu."

Mama yako nilimletea chupa aione, si anywe. Akainyanyua kuielekeza dirishani. Akaikagua muda mrefu, kwa jicho lilelile analokagulia kitambaa dukani.

"Ni nzuri," akasema. Kisha akanirudishia. "Ndiyo maana siinywi."

Bwana Dita alipoondoka aliniachia lile sanduku la matone. Lililofuata unalijua wewe kuliko mimi. Ulipima maji ya bomba, maji ya kisima cha msikitini, togwa, na kwa habari nilizopata kwa jirani, mkojo wa mbuzi wake. Ulimaliza matone yote. Mama yako ndiye aliyekufungia chupa tupu ndani ya kitambaa na kuziweka. Hilo ulikuwa hulijui. Zimo kwenye kasha lake, chini ya cheti cha ndoa.

Sasa nirudi kwenye konzi.

Ungedhani mtu aliyepasua stoo ya watu amejifunza. Barua yako ya kiwanda ilipofika, mama yako akanyamaza, na mimi nikaona kunyamaza kule ni kasoro. Nikaanza kuongeza. Nikaongeza habari za ajira, kwamba siku hizi viwanda vinauzwa kwa wageni na nafasi zinagombaniwa. Akachambua mchele. Nikaongeza majirani, mtoto wa fulani anafanya kazi hotelini na hajalewa. Akapepeta. Nikaongeza Maandiko.

"Hata Bwana wetu," nikamwambia, "pale Kana, maji aliyageuza nini?"

"Kana hapakuwa na zamu ya usiku," akasema, akaingia ndani.

Kila konzi niliyoitia ikazidisha ule uchungu unaovuta kiti. Mpaka siku moja, nikifungua pampu ya mtu iliyoziba kwa chokaa, nikajisikia nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo na neno la Bwana Dita, na sijawahi kulitumia nyumbani. Nini kimezidi? Maneno yangu ndiyo yamezidi. Nikayapunguza. Jioni ile nikarudi, nikamsalimu mama yako, nikakaa, nikamsaidia kupepeta. Na kesho yake vivyo hivyo. Sikumwomba kitu, na kwa kweli nilianza kuipenda hali ile. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yako huimba kwa pua anapofanya kazi. Lakini jibu halikuja, na kesho ndiyo safari, na wewe umeniuliza, nami nimekohoa.

Nikuambie jambo la Mwanza kabla sijasahau. Nilifika huko mara moja, nimetumwa vipuri vya pampu. Nikaingia bafuni kwenye nyumba ya wageni nikajipaka sabuni kwa mkono wa Dodoma, yaani kwa nguvu na kwa kurudia, kama tulivyozoea. Maji ya ziwa ni laini, Foibe. Povu likapanda hadi kwenye kope. Nikajimwagia, haliishi. Nikajimwagia tena, nikawa bado nateleza kama kambare. Maji ya ndoo yakaisha nikiwa mweupe, na ikabidi nimwite mhudumu kupitia mlangoni.

"Mzee unatoka wapi?" akauliza.

"Dodoma."

"Ah!" Akacheka, akaniletea ndoo mbili bila kuuliza tena. Nadhani watu wa Dodoma hatukuwa wageni kwake.

Kwa hiyo siku za kwanza huko utazidisha. Sabuni, sauti, juhudi. Umekulia mahali ambapo kila kitu kinataka kubembelezwa mara tatu, na utakutana na watu na mambo yanayokubali mara moja. Usione aibu ukijaa povu. Omba ndoo nyingine.

Lakini na upande wa pili upo. Bwana Dita aliniambia maji yakiwa laini kupita kiasi hamira hukosa nguvu, ndiyo maana wapishi wa pilsna wenye maji matupu mno huyatia jasi kidogo, lile jiwe jeupe la kutengenezea chaki, hii hii inayochimbwa huku kwetu. Wewe umekunywa maji haya tangu ulipoacha ziwa la mama. Jasi unayo mifupani. Watakapokucheka kwa usemi wako, au kwa kuwasalimia shikamoo hata waliokuzidi mwaka mmoja, usiibanduebandue yote ili ulainike kama wao. Kazi yoyote inataka chembe ya mtu alikotoka. Ila ni kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, mwanangu. Si konzi tatu.

Ngoja.

Kufuli limelia. Naujua mlio wake, hauna ndugu. Mama yako yuko kwenye pipa nyuma ya ukuta huu huu, na simwoni, ila nasikia kata ikigonga chini. Mvua bado miezi, Foibe, maji yamebaki ya kugonga chini. Mtoto mchanga hatuna. Mgeni sijasikia hodi.

Nimekwenda kuchungulia na kurudi. Nilijifanya natafuta kalamu ya pili, ambayo iko mkononi. Yuko uani na beseni, ameinama, anafua, na povu ni jingi, zuri, jeupe. Ni lile gauni la umoja.

"Mama Foibe," nikasema, "kesho kuna ibada?"

"Kesho Alhamisi."

"Kuna msiba, basi?"

"Msiba wa nani? Usituletee."

"Naona gauni."

"Limechafuka."

"Halijavaliwa tangu alipokuja askofu."

Akalikamua. Mama yako akikamua nguo, nguo hukiri. "Limechafuka kwa kukaa," akasema. "Na wewe si ulikuwa unaandika? Kaandike."

Ndivyo nilivyorudi kwenye kigoda changu. Sikuongeza neno, na nataka unipongeze, maana yalikuwepo mengi. Nilitaka kumuuliza treni inafika saa ngapi, nione kama anajua. Nilitaka kumkumbusha kwamba gauni lile huvaliwa kwa watu wakubwa tu. Nimeyameza yote na sijasikia uchungu wowote.

Sasa limetundikwa kwenye kamba. Jua hili litalikausha kabla hujarudi, na huenda ukalikuta limekwisha kukunjwa, usijue lolote, ndiyo sababu nakuandikia. Barua hii nitaitia kwenye sanduku chini ya shuka. Utaisoma treni ikiwa imekwisha kupita Bahi, na kufikia hapo utakuwa umekwisha kumwona mwenyewe stesheni, mweupe katikati ya vumbi, amesimama wima kama aliyetumwa na dayosisi. Natumaini hukulia sana. Natumaini hukumwuliza kwa nini amekuja, wala hukumshukuru kwa hotuba. Kama nakujua, ulimshika mkono ukanyamaza, na kama nakujua zaidi, ulikohoa.

Hajasema bia ni njema, na hatasema. Utakapokuja likizo utaombewa, kaa tayari, magoti ya mama yako hayachoki haraka. Lakini usidhani alikuja ili aonekane na watu. Mwanamke yule aliyewahi kumnyima Mjerumani ndoo chache, leo amekwangua pipa.

Limebaki tupu. Nimeligonga kwa kidole, linalia kama ngoma. Mpaka mvua zije tutakunywa chai isiyo na rangi, mimi na mama yako, na nadhani itakuwa tamu. Kufuli ameliacha linaning'inia wazi. Hakuna tena cha kufungia.

Nasikia sauti yako na ya shangazi yako njiani, mnacheka, na mmebeba karanga za kulisha behewa zima. Naikunja.

Mimi baba yako, fundi pampu,
mwenye wino ulioisha na moyo uliotulia.